Serikali ikifuta mkopo wa HELB kwa walimu, nani atakubali kukaa Kuresoi ama Mfangano?

Mwalimu_wa_Njoro

Nawasalimu wote, hasa walimu wenzangu mlio Nakuru, Kisumu, Kakamega mpaka kule Busia. Hii mada imezunguka stafrumu yetu muda sasa, nikaona bora niilete hapa tuichambue badala ya kuimaliza kwa chai na mandazi. Swali ni hili: serikali ikisema mwalimu akikubali kufundisha mahali wenzake wanapakimbia, kama Kuresoi ndani ama kisiwa cha Mfangano, anafutiwa mkopo wa HELB (ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo), hiyo itatuletea walimu? Na wakishafika watakaa?

Msiseme ni ndoto. Marekani walianza 1958, Warusi walipowatangulia angani na setilaiti ya Sputnik wao wakashtuka, wakapitisha sheria ya mikopo ya wanafunzi na ndani wakaweka kwamba ukifundisha shule ya umma unapunguziwa asilimia 10 ya deni kila mwaka mpaka nusu iishe. Siku hizi wana mipango mingine, kuna mmoja unafundisha miaka 5 mfululizo kwa shule za watoto wa familia maskini halafu unafutiwa hadi dola 17,500 kama wewe ni wa hesabu ama sayansi ya sekondari ama elimu maalum, wale wengine wanafutiwa hadi dola 5,000. Halafu kuna ule wa 2007 wa watumishi wa umma wote, walimu wakiwemo, unalipa mara 120 (yaani miaka 10) na kinachobaki kinafutwa.

Na sisi tusijifanye hatujawahi kuona kitu cha ukoo huu. Kabla ya 1974 chuo kikuu hukulipa, lakini ukimaliza ulikuwa unatumikia serikali si chini ya miaka 3. Ndio ukaja mkopo, halafu 1991 mambo ya kuchangia gharama, na 1995 HELB ikaanzishwa kwa sheria. Sharti la kutumikia likapotelea njiani, deni likabaki.

Pendekezo langu: ukikubali kituo kigumu unafutiwa asilimia 20 kila mwaka, miaka mitano umemaliza. Semeni.

Nyar_Kisumu

Mwalimu nakuheshimu lakini umeanzia mahali si penyewe. Wamarekani wanafuta madeni kwa sababu watu hawataki ualimu, wanaajiriwa na baada ya miaka miwili mitatu wanahepa. Hapa kwetu nani amekataa? TSC, tume inayoajiri walimu, ikitangaza nafasi kidogo tu za kaunti, foleni ya kupeleka stakabadhi inazunguka ofisi. Walimu waliosajiliwa na hawajaajiriwa ni malaki, wengine wamemaliza Maseno wakati mimi nikiwa darasa la nne, na saa hii wanauza mtumba Kibuye ama wanaendesha boda hapo Kondele. Huyo hahitaji kuvutwa na kufutiwa deni, anahitaji nafasi, na nafasi ni bajeti. Pesa ya kufuta mikopo ingeajiri walimu wangapi? Anza hapo.

TRCNambaBilaKazi

Nyar Kisumu umeongea yangu yote. Niongeze tu hesabu ndogo kwa wale hawajui hii kitu inavyouma. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, hiyo si mbaya, hakuna benki itakupa hivyo. Shida ni faini. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo unatakiwa uanze kulipa, usipolipa faini ni 5,000 kila mwezi. Sasa chukua mtu wa deni la laki mbili. Riba ya mwaka ni kama elfu nane. Faini ya mwaka ni elfu sitini!! Akikaa nyumbani miaka minne akingoja TSC, faini peke yake inakaribia deni lenyewe, na jina liko CRB kwa orodha ya wasiolipa madeni, hata mkopo wa kufungua kibanda hapati. Halafu siku anaitwa kazi anaambiwa pesa inakatwa kwa mshahara na inaanza na huo mlima.

Kwa hivyo kama mnataka kufuta kitu, futeni faini ya kipindi ambacho mtu alikuwa amesajiliwa TSC na hana kazi. HELB yenyewe imewahi kuondoa faini kwa wale wanalipa deni lote kwa mpigo, lakini niambieni, mtu anayetarmaki akitafuta kazi atatoa wapi laki mbili kwa mpigo? Huo msamaha ulikuwa wa wenye nazo.

BabaPacha_Mbale

Mimi si mwalimu, nina duka la vyuma hapa Mbale, na nitasema kitu hamtapenda. Kwani mwalimu ni nani kuliko nesi? Kuliko clinical officer wa dispensari ya kijiji? Hawa wote walisoma kwa HELB na wote wanatumwa mahali hakuna stima. Na yule aliyelipa HELB yake mpaka akamaliza akapewa cheti, huyo mnamwambia nini, pole? Dada yangu alilipa miaka minane akiwa mwalimu, alikatwa kila mwezi, hakuna mtu alimwimbia. Pesa ya kufuta itatoka kwa kodi yangu, na mimi sikupelekwa chuo na mtu.

Mwalimu_wa_Njoro

@BabaPacha_Mbale hoja yako ni halali na siikimbii. Manesi wakitaka waanzishe uzi wao, nitaunga mkono. Lakini hujaniambia kama watoto wa ndugu zako kule ndani wakose mwalimu wa fizikia itakuwa haki kwa dada yako. Aliyelipa alilipa, na pengine alifundisha karibu na nyumbani. Hii si zawadi ya kuwa mwalimu, ni malipo ya kukubali kwenda mahali na kukaa.

@Nyar_Kisumu kuhusu foleni nakubali kabisa, ila foleni iko wapi? Iko Kisumu mjini, Nakuru mjini, Kakamega. Nafasi ikitangazwa Pokot Magharibi ama Turkana ama Tiaty, foleni ni ile ile kwa sababu watu wana njaa, wanachukua, halafu? Barua ya transfa inaandikwa kabla sanduku halijafunguliwa.

Samaki_wa_Mfangano

Hapo kwa barua ya transfa sasa mmenigusa. Nafundisha kisiwani, hesabu na kemia. Watu wa bara wanafikiri shida ni mshahara. Ngoja niwaeleze shida ni nini.

Ukitoka Mbita unapanda boti. Ziwa likichafuka huendi popote, hata kama mtoto wako ni mgonjwa nyumbani. Nyumba ya kupanga ni chumba cha mabati karibu na ufuo, na wavuvi wana pesa ya kila siku kuliko wewe, kwa hivyo kodi inapangwa na mfuko wao si wako. Ukitaka benki, unavuka. Ukitaka kusahihisha jambo lolote la kazi, unavuka. Mke ama mume akiwa na kazi bara, mnaonana wikendi zile ziwa limeruhusu. Walimu wanakuja hapa, wazuri, vijana, wana moto. Mwaka wa kwanza anacheza mpira na wanafunzi. Mwaka wa pili anaanza kuulizia mtu wa kubadilishana naye kwa grupu za watsap, "natafuta wa Bungoma aje Homa Bay". Mwaka wa tatu ameenda.

Sasa mkiniuliza kama kufutiwa HELB kungewafanya wakae: wengine ndio. Si wote. Yule ana deni dogo hatajali. Yule ana deni kubwa na hana familia bado, huyo unaweza kumpata miaka mitano. Na miaka mitano ya mwalimu mmoja wa hesabu kwa shule yetu ni kitu kikubwa sana jamani, ni mtoto anaanza na mwalimu na anamaliza naye. Saa hii mtoto anaona walimu watatu wa hesabu kabla afike mtihani, na katikati kuna miezi hana mtu kabisa isipokuwa kijana wa BOM (anayechukuliwa na bodi ya shule, si TSC) ambaye wazazi wanachanga wamlipe.

Lakini mkinipa nichague kati ya kufutiwa deni na nyumba ya mwalimu iliyo na maji na sola ndani ya shule, nachukua nyumba. Na nyumba haiendi transfa, mwalimu anayefuata ataikuta.

Kijana_wa_Maseno

Naingilia kama mwanafunzi, niko mwaka wa tatu wa ualimu, fizikia na hesabu. Wakubwa mnaongea kuhusu HELB ya zamani ya laki na nusu, laki mbili. Sisi tulioingia 2023 tuko kwa ule mfumo mpya wa ufadhili, gharama ya kozi inahesabiwa nzima, halafu unagawiwa skolashipu, mkopo na ya mzazi kulingana na bendi ya uwezo wa familia uliyowekwa. Ule mfumo umepelekwa mahakamani, mwisho wa 2024 Mahakama Kuu ikausema si wa kikatiba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na sisi tukaendelea kusoma tukingoja wakubwa wamalizane. Kwa hivyo deni letu linakaa sehemu mbili: kuna la karo na kuna la matumizi. Ukijumlisha ni kitu kingine kabisa na cha kina mwalimu. Tutamaliza 2027. Hapo ndio mtaanza kuona hii mada ya kufuta ikiwa na meno, kwa sababu mwalimu mpya ataingia kwa mshahara wa kuanzia akiwa na deni la mtu wa kozi ghali.

Na ningependa kuuliza, kwa nini tungoje kufuta mwishoni? Afrika Kusini wana basari inaitwa Funza Lushaka, iko tangu 2007, unalipiwa masomo yote ukichukua masomo yenye uhaba kama hesabu, sayansi, lugha za Kiafrika, halafu unatumikia shule ya umma mwaka mmoja kwa kila mwaka uliolipiwa. Usipotumikia inageuka mkopo. Mtoto wa mkulima wa Kuresoi anaijua hiyo hesabu kabla hajachagua kozi. Ya kufuta anaisikia akiwa na miaka 27.

NimesomaMbali

Kijana ameleta kitu kizuri lakini nimwonye hapo kwa "inageuka mkopo". Nimekaa Marekani miaka kadhaa, nimefundisha huko, na nitawaambia mahali hii mipango inafia: ni karatasi.

Wana basari yao inaitwa TEACH, hadi dola 4,000 kwa mwaka, unafundisha miaka 4 ndani ya 8 kwa shule za uhitaji. Kila mwaka unatuma fomu ya kuthibitisha. Walimu wengi walikuwa darasani, shule sahihi, somo sahihi, wakachelewesha fomu siku chache ama ikakosa sahihi moja, na basari ikageuzwa mkopo na riba ikahesabiwa kuanzia siku pesa ilipotolewa. Ikawa kelele kubwa mpaka serikali ikarudi nyuma na kuanza kurekebisha. Ule wa 2007 wa mara 120 ndio usiseme. Watu walingoja miaka 10, wakaanza kuomba mwishoni mwa 2017, na kwa raundi za kwanza karibu wote walikataliwa, kama 99 kwa 100. Ati mkopo wako si wa aina inayokubalika, ati mpango wa malipo ulikuwa mwingine, ati malipo haya hayahesabiki. Mtu amepanga maisha yake miaka kumi juu ya ahadi, siku ya kuvuna anaambiwa alipanda shamba la jirani. Baadaye sheria zililegezwa na wengi wakafutiwa, lakini imani ilikuwa imeshaondoka.

Sasa fikirieni hiyo na ofisi zetu hizi tunazozijua. Nani ataweka sahihi kwamba ulikuwa kituoni? Mwalimu mkuu mliyekosana naye?

Kuna kitu kimoja walifanya Florida nakipenda. Walikuwa wanalipia walimu wa masomo yenye uhaba kiasi fulani cha mkopo kila mwaka, si mwishoni, na watafiti walipoangalia wakaona walimu wa hesabu na sayansi waliohama walipungua, na malipo yakiwa makubwa kidogo ndio yalishika zaidi. Kwa hivyo kitu kinafanya kazi kikiwa kinaonekana kwa mfuko mwaka huo huo. Ahadi ya mbali haimshiki mtu.

Mama_Sacco_Bungoma

😂😂 mimi niko upande wa mikopo ya walimu kwa hivyo acheni niseme ukweli. Angalieni peislipu ya mwalimu wa kuanza: kodi, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, ushuru wa nyumba 1.5, pensheni ile mpya ya 2021 asilimia 7.5, chama, halafu HELB. Sheria inasema lazima abaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi. Hiyo theluthi ndio kila mtu anaiwinda. HELB ikitoka Ijumaa, Jumatatu asubuhi mwalimu yuko mlangoni na fomu ya mkopo wa ploti. Simlaumu, ana ndugu watatu shuleni na mama anajengewa. Lakini msiniambie atabaki kituoni kwa sababu HELB imetoka. Atabaki kama ploti iko karibu na kituo lol.

Ingawa pia hiyo si mzaha tu. Walimu wanaokaa muda mrefu Cheptais na Kapsokwony huko mlimani ni wale wamenunua shamba ama wameoa huko.

MwalimuP1_Mstaafu

Wanangu, nimesoma hapa kimya. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, sehemu za Nyando na baadaye Kuresoi. Mbona mnaongea kama walimu wote wametoka chuo kikuu? Wengi wa shule za msingi walipitia vyuo vya ualimu, karo ililipwa na mzazi aliyeuza ng'ombe ama chama cha kina mama. Hawana deni la HELB la kufutiwa. Ng'ombe mmefuta na nini? Kwa mpango wenu, yule wa digrii anayefundisha JSS (sekondari ya chini) anafutiwa, na yule wa P1, cheti cha ualimu wa msingi, aliye darasa la pili, ukuta mmoja kati yao, mazingira yale yale, hapati kitu. Mtaleta chuki kwa uwanja mmoja. Kama mnaleta kitu, kiwe cha kituo, si cha cheti.

Na kuhusu kuandika transfa haraka, mimi nilikaa Kuresoi kwa sababu mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu. Hilo halimo kwa bajeti ya mtu.

Mwalimu_wa_Njoro

Mzee shikamoo, na asante. Hilo la cheti sikuwa nimelipatia jibu, na sidhani kuna jibu rahisi. Pengine asiye na mkopo apewe kiasi hicho hicho kama nyongeza ya kituo. Najua mtu atasema basi ongezeni tu hadishipu, ile posho ya mazingira magumu, na mwache HELB. Labda ndio. Tofauti ninayoona ni kwamba hadishipu unapewa mwaka wa kwanza sawa na wa tano, haikushiki. Hii ya kufuta inaweza kupanda: walikuwa na mkopo huko Marekani unaitwa Perkins, mwalimu alikuwa anafutiwa asilimia 15, 15, 20, 20, halafu 30 mwaka wa tano. Unaona ilivyotegwa? Ukiondoka mwaka wa tatu umeacha nusu mezani.

Kuresoi_Viazi

Swali la mtu wa hesabu. HELB si ni mfuko wa kuzunguka? Anacholipa mwalimu leo ndio mtoto wa mwaka wa kwanza anapewa kesho, na kila mwaka tunasoma gazetini pesa hazitoshi, wanafunzi wanaandamana Njoro mpaka barabara inafungwa. Mkifuta bila Hazina kurudisha hiyo pesa mmemnyang'anya Kijana_wa_Maseno mkampa mwalimu wake. Kwa hivyo neno "kufuta" linadanganya kidogo, hakuna kinachofutwa, mtu mwingine analipa. Mimi niseme TSC ama Hazina imlipie mwalimu sehemu yake HELB kila mwezi akiwa kituoni, akitoka kituo malipo yanarudi kwake. Hakuna fomu, hakuna sahihi ya mwalimu mkuu. TSC inajua kila mwalimu yuko shule gani kwa sababu ndio inamlipa, na HELB tayari inakata kwa mshahara huo huo. Ni sistimu mbili kuongea.

NimesomaMbali

Hii ya Kuresoi_Viazi ndio naipigia kura. Inaonekana kwa peislipu mwezi wa kwanza, na ikivunjwa na serikali ijayo mwalimu amepoteza miezi iliyobaki tu, si miaka yote aliyongoja.

TRCNambaBilaKazi

Sawa, lakini sijasikia mtu akijibu yangu ya faini. Na hizo sistimu mbili zikiongea, ziongee pia kwamba huyu ana namba ya TSC na hajaajiriwa, kwa hivyo saa ya faini isimame. Hiyo haihitaji bajeti, inahitaji bunge kubadilisha kifungu. Kama hamuanzi hapo mnasaidia aliye ndani ya nyumba na sisi tuko mvuani.

Nyar_Kisumu

+1 kwa hilo, ndio nilikuwa nasema tangu juu. Kuresoi_Viazi yako nitaiunga mkono kwa wale wa fizikia, hesabu na kemia kwanza, sasa vile Gredi ya 10 imeanza na shule zinaambiwa zifungue mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia na hesabu) na hakuna maabara wala mtu wa kuingia maabara. Kwa Kiswahili na CRE (dini ya Kikristo) samahani wenzangu, foleni iko, hata kisiwani.

Samaki_wa_Mfangano

CRE kisiwani tunao wanne 😅 kemia niko peke yangu.

Intani_wa_Zamani

Mmoja wa wale wa JSS tulioingizwa kwa kudumu Januari 2025. Kabla ya hapo tulilipwa elfu 20 kwa mwezi kabla ya makato, kazi ni ile ile ya mwalimu kamili, mpaka 2024 mahakama ya kazi ikasema kumtumia mwalimu aliyehitimu kama intani si halali. Wengine wetu hiyo miaka tulikuwa vituo vigumu hasa, na kwa elfu 20 hakuna mtu alikuwa analipa HELB. Swali langu kwa Mwalimu wa Njoro ukipeleka hii kitu kwa tawi la KUPPET, chama chetu cha walimu: miaka ya uintani inahesabiwa ama tunaanza sufuri?

Mwalimu_wa_Njoro

Inahesabiwa, na nimeandika pia ile ya faini isimame. Tawi tunakutana Jumamosi. Aliye Nakuru aje, msiniache niongee peke yangu na wale wazee wa posho.